Serikali Ilichukua Mate Yangu

Wewe unayesoma hapa, polisi akibisha kwako asubuhi na mapema, tena polisi mwenye adabu, akikuomba mate yako tu, utamnyima?

Mimi sikumnyima. Nilifungua kinywa kama kifaranga, Sajini Wamuyu akanipangusa shavu kwa ndani na kijiti chenye pamba, akakitia kwenye bahasha, akaifunga. "Asante, mama," akasema. Kisha akanywa chai yangu na akasifu vitambaa vyangu vya kufuma, hasa kile cha rangi ya machungwa kilicho juu ya redio.

Kwa yule aliyefungia nyama gazeti la wiki jana kabla ya kusoma, nitarudia kidogo tu.

Duka la Bwana Umesh, lile la pampu za maji na mabomba pale mjini Nakuru, lilivunjwa. Mlinzi wake, Owino, alipigwa chuma cha kichwa, na mpaka leo amelala hospitali, anapumua lakini haongei. Pampu zikabebwa. Juu kwenye paa, pale penye kidirisha cha kioo, polisi wakakuta damu. Asubuhi hiyo wafanyakazi wote wakafika kazini isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni Elphas wetu.

Wizi wa mabavu ni kitanzi. Hata mimi niliyeishia darasa la sita najua hilo.

Sajini alipokuja kwetu Kaptembwo kumtafuta Elphas hakumpata. Akauliza, "Mzazi wake hapa ni nani?"

Chepkirui, aliyemzaa Elphas kwa tumbo lake, alikuwa ameketi hapo hapo akichambua mboga za managu. Akaninyooshea kidole mimi. "Ni huyo."

Wala hakudanganya. Kwetu sisi Wakipsigis, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kuoa mke. Anatoa ng'ombe, wazee wanakaa, mafuta yanapakwa, na kuanzia siku hiyo yeye ni mume kama waume wengine. Mimi nilimwoa Chepkirui hivyo. Watoto wake ni wangu, na baba yao ni mimi. Yule mwanamume aliyepita kusaidia hana jina. Hatajwi, haulizwi, hadai chochote. Akikutana na kijana njiani anamsalimu kama anavyosalimu mtoto wa mtu yeyote, halafu anaenda zake.

Hapa Kaptembwo majirani hudhani Chepkirui ni binti yangu. Tumewaacha wadhani.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo ninaloungama. Sajini alipouliza kama Elphas ni mtoto wangu nilisema ndiyo, na kama angeleta Biblia ningeapa juu yake. Lakini nilipokuwa nafungua kinywa nilijua vizuri kabisa kwamba ndani ya mate yale hakuna Elphas hata chembe. Nikajiambia, wacha wapime mpaka wachoke.

Wakapima. Sajini akarudi.

"Mama, nimekuja na habari njema," alisema kabla hata hajaketi. "Maabara ya Nairobi imesema ile damu ya kwenye kioo haina uhusiano na wewe. Aliyeumia pale si mtoto wako."

"Mungu ni mwema," nikasema, nikainama kufukuza kuku ambaye hakuwepo, ili asinione uso.

"Elphas ako wapi?"

"Alienda Gilgil kutafuta kibarua."

"Mwambie arudi tu. Hakuna mtu anamtafuta sasa. Na mtusamehe, mama. Sisi tunafuata ushahidi."

"Na mate yangu je? Nitarudishiwa?"

Akacheka. "Hayo ni ya serikali sasa."

"Yatakuwa yakifanya nini huko?"

"Yanakaa tu, mama."

Alipoondoka nilibaki nikiyafikiria mate yangu yakiwa yamekaa Nairobi, ndani ya friji, bila mimi. Miaka yote hii sijawahi kufika Nairobi. Mate yangu yalinitangulia.

Chepkirui alikuwa akisugua sufuria na majivu. Hakuinua kichwa.

"Umefurahi, Kogo?" Kogo ni nyanya kwa lugha yetu. Wote wa nyumba hii huniita hivyo, hata mke wangu.

"Na wewe hujafurahi?"

"Wamesema damu si ya Elphas, ama wamesema wewe si wa Elphas?"

"Kwa serikali ni kitu kimoja."

Akaendelea kusugua. Ile sufuria ilikuwa imeng'aa zamani.

Tukamtumia Elphas ujumbe kwa simu ya jirani, naye akaja. Kofia ilikuwa imeshuka hadi kwenye nyusi, na mkono wa kushoto umezama mfukoni.

"Niaje, Kogo."

"Toa mikono yote unisalimie kama mtu."

"Mmoja unatosha."

"Nimesema yote."

Akautoa. Ulikuwa umepasuka kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, kidonda kimejifunga vibaya, chekundu na kimevimba kama mshono wa mshonaji mlevi. Chepkirui aliushika, akaugeuza, akaenda kuchemsha maji ya chumvi bila kuuliza chochote.

"Kogo, ile damu ni yangu," akasema Elphas. "Hao watu wa maabara wamekosea."

"Usiseme hivyo. Hao watu wamesoma."

"Lakini Owino sikumgusa. Owino ni rafiki yangu. Mimi nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa umelala wapi?"

"Kwa stoo ya duka. Huwa nalala huko. Watu wakishaenda Owino ananifungulia, nalala juu ya magunia, asubuhi natokea mlango wa nyuma naingia na wa mbele, kama ndio nafika kazi."

"Kwa nini, na nyumbani ni hapa?"

Akanitazama kama vile ameulizwa jina la mama yake. "Kogo, hapa ni chumba kimoja. Mimi nilishatahiriwa. Nitalalaje mahali mama amelala?"

Kwetu kijana akishatoka jandoni halali tena kwenye nyumba ya mama yake. Ni aibu ambayo haina dawa. Kila jioni Elphas alikuwa akila, akisema "Lala salama, Kogo," akitoka. Nilikuwa nikidhani analala kwa marafiki. Sikuwahi kuuliza ni marafiki gani.

"Usiku huo nikasikia mlango unavunjwa," akaendelea. "Owino akapiga nduru mara moja, halafu akanyamaza. Nikapanda juu ya mapipa, nikavunja kile kioo, nikapita. Nilihepa, Kogo. Uoga ni wangu. Wizi si wangu."

"Ungeenda stesheni ya polisi useme hivyo hivyo."

"Na damu yangu iko kwa kioo? Karao gani angeniamini? Mtu pekee anajua nilikuwa ndani ni Owino, na Owino haongei."

Chepkirui alirudi na bakuli la maji ya moto. Akauweka mkono wa kijana ndani yake, akasema polepole, "Sasa si wamesema hawamtafuti? Aende aseme alikuwa amelala. Waliompiga Owino watafutwe."

"Asiende popote," nikasema.

"Kogo."

"Serikali imepima na imesema Elphas hakuwa pale. Wewe na mimi ni nani tubishane na serikali? Hao wengine watashikwa na wenye kazi yao."

Elphas akacheka kidogo kwa uchungu. "Kwa hivyo mimi sikuwa pale."

"Hukuwa."

"Na huu mkono?"

"Uliumia Gilgil. Watu huumia Gilgil."

Hivyo ndivyo nilivyomsafisha mtoto wangu, msomaji wangu, na nilijiona hodari. Mwaka huu wa kura kila mwanasiasa anaahidi kuokoa vijana. Mimi niliokoa wangu kwa mate.

Baada ya hapo Bwana Umesh alikuja mwenyewe. Aliacha gari barabarani, akaja kwa miguu akiruka matope, mkononi amebeba mfuko wa sukari. Alisimama mlangoni mpaka nikamlazimisha kuketi kwenye kiti chenye mgongo.

"Mama, mimi nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Jina la Elphas mimi ndiye nilitoa kwa polisi. Nilikosa sana. Kijana arudi kazi kesho, mimi sina neno."

"Kukosea ni kwa watu, Bwana Umesh."

"Hata mimi walichukua mate. Mimi mwenyewe, duka ni yangu. Shakuntala kule nyumbani alicheka, akasema, labda umejiibia." Akacheka yeye pia, akatikisa kichwa. "Wafanyakazi wote wametoa. Fundi ametoa, karani ametoa, Kosgei ametoa."

"Kosgei yupi?" Aliyeuliza hakuwa mimi. Alikuwa Chepkirui, ambaye sijawahi kumsikia akimuuliza tajiri swali.

"Kosgei yule anapakia na Elphas. Kijana ya Mzee Kimaiyo ya maziwa."

"Na mate yake yalipelekwa Nairobi pia?"

"Yote, mama. Yalienda pamoja kwa boksi moja."

Chai ikanipitia njia ya pumzi. Nilikohoa mpaka Bwana Umesh akasimama kunipigapiga mgongo.

Mzee Kimaiyo ana shamba kule Njoro, na amekuwa akiwaletea watu maziwa tangu siku za chupa. Ni mzee wa kanisa letu, ndiye anayepitisha kapu la sadaka. Kijana wake Kosgei na Elphas walitahiriwa pamoja msimu mmoja. Zaidi ya hapo siwezi kusema, kwa sababu kwetu haisemwi. Wewe una macho.

Elphas alirudi kazini akiwa amevaa glavu za ngozi na akasema ni kwa sababu ya kutu ya mabomba. Nikalala vizuri siku chache. Nilianza hata kufuma kitambaa kipya.

Kisha akaja mama Kosgei, jina lake Zeddy, mke wa Kimaiyo. Alikuja akiwa amevaa nguo ya kanisani na viatu vya shambani, nikajua amevaa akiwa na hasira. Akaketi, akafungua pochi, akatoa leso, akairudisha bila kuitumia.

"Kogo, mimi nimeaibishwa."

"Na nani, mama?"

"Polisi walikuja kwangu. Yule msichana, Sajini. Anasema ile damu ya dukani si ya Kosgei, nikamshukuru Mungu. Halafu anasema, lakini aliyemwaga damu hiyo ni ndugu ya Kosgei, kwa upande wa baba. Eti kuna kitu baba humpa kijana wa kiume na hakibadiliki, na wawili hawa wanacho kimoja. Kogo, mimi nina kijana mmoja. Wengine wangu ni wasichana. Huyo ndugu ametoka wapi?"

"Mashine hukosea," nikasema. Ilikuwa imenipendelea mara moja, na tayari nilikuwa nikiisaliti.

"Nilimwambia hivyo. Akasema hii haikosei."

"Na Kimaiyo anasema nini?"

"Anasema, mimi sikumpa mtu mate. Kijana ndiye alitoa yake, kwa hiari yake, kwa kesi yake. Mbona wananisoma mimi?"

"Hilo ni swali la maana sana."

"Hilo ni swali la mtu mwenye mtoto nje," akasema Zeddy.

Chepkirui alikuwa nyuma yake, akimimina chai. Nilimtazama mkono. Hakumwaga hata tone.

"Kogo, wewe ni mkubwa wa akina mama kanisani," Zeddy akaendelea. "Nyumba zote unazijua, na za zamani unazikumbuka. Nisaidie nimpate huyo mwanamke. Nataka kumwona uso tu."

"Sukari vijiko vingapi, mama Kosgei?" akauliza Chepkirui.

"Viwili. Asante, mama." Akapokea kikombe, akamshika kiganja. "Tangu hii maneno ianze wewe ndiye mtu wa kwanza kunionea huruma."

Nimeishi miaka mingi, nimeona nzige na nimeona njaa, lakini sijui kama nimewahi kuona kitu kigumu kutazama kama kile kikombe kikitoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Ukimpata utamfanya nini?" akauliza Chepkirui.

"Bado sijaamua. Nikimwona nitajua."

"Inaweza kuwa ni mambo ya kitambo."

"Kosgei naye ni wa kitambo. Kitambo ndicho kinachoniuma."

Nilikuwa nikitafuta neno la kumtoa Zeddy nyumbani kwangu kwa heshima, niseme labda nina wagonjwa wa kutembelea, mlango ukabishwa. Alikuwa Sajini Wamuyu. Nyuma yake, kofia mkononi, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote, alisimama Mzee Kimaiyo.

"Wewe umefuata nini hapa?" Zeddy akamuuliza mumewe.

"Nimeletwa," akasema Kimaiyo.

Sajini hakuketi. Safari hii hakusifu vitambaa.

"Mama, wikendi nilikuwa nyumbani Nyeri," akaniambia. "Nikamsimulia nyanya yangu kuhusu mama mmoja wa Kaptembwo aliyezaa akiwa ameshapita wakati wa kuzaa. Akaniuliza, una hakika alizaa? Kwani hakuoa?"

Kumbe hata kule kwao, zamani, walikuwa wakioa hivyo. Nikaulaani urefu wa maisha ya bibi huyo nisiyemjua.

"Kwa hivyo kesi za watu mnapelekea nyanya zenu," nikasema.

"Ni nyanya tu, mama."

"Hata mimi ni nyanya. Na mate yangu nilipewa ahadi kwamba yanakaa."

Akakubali kwa kichwa, kidogo, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. Lakini hakurudi nyuma. "Nauliza tena, na safari hii nauliza vizuri. Ulimzaa Elphas?"

"Mimi ndiye baba yake."

"Mama, wewe ni mwanamke."

"Hilo halijanizuia."

Kikombe cha Zeddy kilikuwa kimefika mdomoni. Kikabaki hapo. Alinitazama mimi, akamtazama Chepkirui taratibu, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka vidole vya miguu, kisha akamgeukia mumewe. Mzee Kimaiyo alikuwa akisoma kalenda yangu ya ukutani kwa bidii kubwa. Ilikuwa kalenda ya mwaka juzi.

"Kimaiyo," akasema Zeddy.

"Mimi nina kijana mmoja," akasema Kimaiyo akiitazama kalenda. "Anaitwa Kosgei."

"Amesema kweli," nikasema.

Na alikuwa amesema kweli, kama mimi nilivyokuwa nimesema kweli. Wazee wote wa kwetu wangetusimamia. Tulikuwa watu wawili wakweli ndani ya chumba kimoja, na ukweli wetu wote ulikuwa unampeleka kijana kwenye kitanzi au unawaficha waliompiga Owino, kutegemea nani anasikiliza.

Sajini akafungua mkoba wake, akatoa kijiti chenye pamba. Nilikitambua kama mtu anavyotambua sindano.

"Hii ni rahisi," akasema. "Damu ya kwenye kioo ina upande wa baba, nao nimeshaupata. Imebaki upande wa mama." Akamtazama Chepkirui. "Huyu mama atoe mate, tumalize."

"Hatoi," nikasema.

"Hatoi," akasema Kimaiyo, na hapo akasahau kusoma kalenda.

"Ah," akasema Zeddy. "Mzee amepata sauti. Atatoa. Na kama kinywa ni kizito kufunguka, mimi niko hapa, nitamsaidia."

"Mama Kosgei, tulia," nikamwambia.

"Nitulie nini? Nimekunywa chai yake. Amenipimia sukari."

"Huyu ni mke wangu," nikamwambia Sajini, "na mke wangu hatoi mate bila mimi kusema."

"Kisheria, mama..."

"Kisheria gani? Ulichukua ya kijana mmoja ukamkuta baba yake. Ukachukua yangu, hukukuta kitu, sasa unataka ya mke. Ukimaliza hapa utachukua ya kuku?"

"Elphas ako wapi saa hii?" akauliza Sajini.

"Kazini kwa Umesh. Si mlimsafisha?"

"Basi mjue kuna askari wawili nje ya duka la Umesh. Wanangoja simu yangu." Aliinua simu yake ndogo tuione. "Kwa damu hiyo, na kwa mlinzi aliyelala vile, mnajua ni shtaka gani nitaandika. Mkinisaidia, labda kuna kitu sijui. Msiponisaidia, nitaandika ninachojua."

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri, wenye Gilgil ndani yake. Kimaiyo naye akafungua chake. Zeddy alikuwa hajafunga.

"Nyamazeni," akasema Chepkirui.

Hakupaza sauti. Aliweka birika juu ya jiko, akapangusa mikono kwenye leso, akaja akasimama kati yangu na Sajini. Tangu nimwoe sijawahi kumwona akisimama mbele yangu. Huwa pembeni, ama nyuma.

"Weka kijiti chako, Sajini. Unataka mate yangu yaseme mtoto wangu alikuwa pale. Usiyasumbue. Mimi nina mdomo. Alikuwa pale."

"Chepkirui," nikasema.

"Kogo, wewe umesema wewe ndiye baba, na ni kweli. Sijawahi kusema sivyo. Sijawahi kuomba mwanamume yeyote atajwe, na huyu mzee aendelee na kalenda yake. Mama Kosgei, nitakuja kwako, utanipiga ama utanisamehe, hiyo ni yetu mimi na wewe." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Lakini kwetu kijana akitoka jandoni, baba ndiye anamjengea nyumba yake. Kila msimu nilingoja useme. Ukanunua redio. Ukafuma vitambaa. Mimi ni mke, sikusema."

Sajini alikuwa ameshusha simu.

"Sasa nasema," akasema Chepkirui. "Nilitaka mtoto wangu awe na chumba. Cha mabati, cha udongo, hata cha kukodi hapa Kaptembwo, chenye mlango wake na kufuli yake. Hicho tu ndicho nilitaka. Angekuwa nacho, usiku ule Owino akipigwa, Elphas hangekuwa amelala ndani ya stoo ya Umesh."